Majina na Maana Yake: Mhunzi wa Ulaya na Mhunzi wa Karagwe

Mwezi huu twataka kusema juu ya jina la ukoo ambalo walimu na wanafunzi hulikuta mara nyingi vitabuni, yaani Smith. Masikioni mwetu lina sauti ya ukuu. Kumbe maana yake ni mhunzi, mfua chuma. Waingereza husema Smith, Wajerumani Schmidt, Waholanzi Smit. Na Waswidi na Wadenmaki humwita mhunzi smed. Lugha hizi ni ndugu, nazo zimelirithi neno hili kwa mama mmoja. Zamani maana yake ilikuwa pana kama neno letu fundi; hata leo watu wa Iceland humwita seremala trésmiður, yaani fundi wa miti.

Je, jina la kazi liligeukaje kuwa jina la ukoo? Zamani katika vijiji vya Ulaya watu wengi walikuwa na jina moja tu. Mwandishi wa kodi akikuta akina Yohana watano, ilimpasa kuwapambanua. Wakulima walikuwa wengi, bali mhunzi kwa kawaida alikuwa mmoja, na kila mtu alimjua. Basi huyo akaandikwa Yohana Mhunzi, na wajukuu wake wakaitwa vivyo hivyo, ijapokuwa hawakushika nyundo kamwe. Wengine walikawia: Waholanzi waliamriwa na Napoleon kuandikisha majina ya ukoo mwaka 1811. Na katika Iceland mpaka leo watu wengi hufuata jina la baba: mwana wa Jón ni Jónsson, na binti yake ni Jónsdóttir.

Sasa tutazame kwetu. Speke, msafiri Mwingereza, alipofika Karagwe mwaka 1861, alipokewa na Mfalme Rumanyika. Na katika hazina ya wafalme hao mlikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, na nyundo zilizokuwa alama ya enzi. Tena mwaka 1978 Wamarekani wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walitangaza habari za tanuru za kuyeyushia chuma za jirani zetu Wahaya, ambazo umri wake wapita miaka 1,500. Wazee walioijua kazi hiyo waliwajengea tanuru, wakawaonyesha. Tazameni basi: mtu ambaye jina lake ni Mhunzi alivuka bahari, akaja kujifunza uhunzi kwa wazee wa Kagera!

Twayasema haya kwa kuwa wako wazazi ambao, wakimwandikisha mtoto shuleni, huona haya kulitaja jina la babu, wakaweka la kigeni mahali pake. Jina la kigeni si baya, lakini halilipiti la kwetu kwa cheo. Mugisha ni baraka. Byaruhanga ni vya Muumba. Mwenye kuitwa Smith haifichi nyundo ya babu yake. Nasi tufiche nini?

Basi, kazi ya mwezi huu ni hii: waulizeni wazee wa nyumba maana ya majina yao na sababu ya kupewa, mkayaandike katika daftari, watoto wakisikiliza. Mzee akifariki kabla hajaulizwa, jina lake litabaki kwa wajukuu, lakini maana yake itakuwa imekwenda naye.