Mama Usibaki Chini na Mikoba



Maharusi wanaokuja kushona kwangu siku hizi wamepata ndoto mpya: fungate kwenye theluji. Huyu ana kaka yake Uswisi, yule mume anafanya kazi Ulaya, mwingine kaona picha kwenye simu tu na roho imemtoka. Na wote wanataka gauni jeupe la kupigia picha huko. Mie huwaambia, shoga, nyeupe juu ya nyeupe utaonekana uso peke yake. Chukua hata rangi ya zambarau. Halafu nawauliza, picha zikishapigwa utafanya nini siku nzima? Hapo kimya.

Jibu langu ni sleji. Hicho ni kiti kifupi cha mbao kisicho na magurudumu. Chini kina miti miwili mirefu iliyopigwa chuma, mbele kina kamba. Unakaa, unanyanyua miguu, mlima unakuteremsha. Kuteleza kwa ski kunataka mwalimu na siku kadhaa za kuanguka. Sleji haitaki hayo. Anapanda baba, mama, hata mtoto mdogo akipakatwa mbele katikati ya miguu ya mkubwa. Ndiyo maana familia za kule zinaipenda.

Mahali ninapopajua ni bonde la Albula, mashariki ya Uswisi. Kuna kijiji chini, Bergün, na kingine juu, Preda, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Barabara ya mlimani hufungwa kwa magari wakati wa baridi, basi kipande chake cha kama kilomita 6 kinageuzwa njia ya sleji. Mnateremka mpaka Bergün, mnapanda treni nyekundu na sleji zenu, inawazungusha kwenye madaraja na mahandaki hadi Preda, mnateremka tena. Reli hiyo ina zaidi ya miaka 100 na tangu 2008 imo katika Urithi wa Dunia. Kwangu mie, treni peke yake inatosha nauli.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Nilipokwenda kumtembelea dada yangu aliyeolewa huko, nilimuona mama mmoja wa Kiislamu pale stesheni ya Bergün, amesimama na mikoba mitatu, glavu za watoto na chupa ya chai. Mume na watoto walikwenda, wakarudi, wakaenda tena. Yeye yupo pale pale, pua imekuwa nyekundu. Nilipomsalimu na kumuuliza, akaniambia, "Na baibui hili nitakaaje?"

Alisema kweli. Baibui refu kwenye sleji ni hatari, pindo linaingia chini ya chuma na wewe uko kwenye mteremko. Lakini hapo kilichoshindwa ni mshono. Stara haikumzuia. Tukiwaachia watoto wetu waone kwamba mama mwenye hijabu kazi yake ni kushika mikoba, binti atakuja kuamini kwamba dini ndiyo imemsimamisha pale. Na Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), mara ya kwanza akashinda Bi Aisha. Hilo sote tumelisoma chuoni.

Basi nisikilizeni kama fundi. Ndani vaa sufu, usivae pamba. Pamba ikinywa jasho hubaki majimaji na baridi inakuingia mifupani; sufu hata ikipata unyevu bado inatia joto. Juu yake suruali pana ya theluji isiyopitisha maji. Juu ya suruali, kanzu pana inayofika magotini, yenye mpasuo mbele na nyuma, kwa sababu kwenye sleji unakaa umetanua miguu. Mwambie fundi akupime umekaa kwenye kigoda, asikupime umesimama tu. Mikono iwe na lastiki. Nida iache kwa harusi, theluji ikiyayuka juu yake inaloa yote.

Kichwani, usifunge mtandio wa kuning'inia wala usitie pini hata moja. Vaa ushungi wa kushonwa, wa kuvuta, mwembamba, shingo yake iingie ndani ya koti, kisha helmeti juu. Nywele zifunge chini kisogoni. Fundo la utosini linainyanyua helmeti, na helmeti iliyonyanyuka haikulindi.

Kuendesha ni hivi: ukitaka kupunguza mwendo, kanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Ukitaka kukata kulia, bana mguu wa kulia chini, kushoto vivyo hivyo. Buti ziwe na soli ya meno. Usilale kifudifudi kichwa mbele, hata vijana wakikuchekesha. Na ukianguka, toka njiani haraka, nyuma yako kuna wengine wanakuja.

Sala zipangieni mapema. Mwezi wa Disemba kule Adhuhuri inaingia baada ya saa sita mchana, Laasiri kabla ya saa tisa, na jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukizembea siku imekwisha. Buti zinazopita vifundo vya miguu zina hukumu yake ya kupakwa maji juu, muulize sheikh wako kabla hujasafiri. Uzuri ni kwamba kuna jioni njia ile ya Preda huwashwa taa, kwa hiyo mnaweza kusali Magharibi, mkala, kisha mkateremka usiku milima imewazunguka kimya.

Na ile mikoba? Raundi ya kwanza anashika baba.