Anasa ya hoteli isimeze urithi wa Mji Mkongwe

MTALII anayetafuta hoteli ya kifahari katika Mji Mkongwe wa Unguja huvutiwa na majumba ya kale ya mawe na chokaa, yenye milango ya nakshi, yaliyo karibu na Ngome Kongwe na Forodhani.

Hata hivyo, uzuri huo umezua mvutano. Jumba la Mambo Msiige, la karne ya 19, lilipofanywa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt iliyofunguliwa mwaka wa 2015, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi kuhusu mradi huo. UNESCO iliutambua mji huo kuwa urithi mwaka wa 2000.

Kwa upande mwingine, kuyatelekeza majumba ni hatari zaidi. Sehemu ya Beit-al-Ajaib, lililojengwa mwaka wa 1883, ilibomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, wakati ukarabati uliochelewa ukiendelea.

Kwa hivyo, hoteli si adui wa urithi; adui ni tamaa isiyo na mipaka. Mgeni na aulize kabla ya kulipa: ni nini kilichohifadhiwa, na ni nini kilichoongezwa? Fedha zake ndizo zitakazoamua ni ujenzi wa aina gani utakaoigwa kesho.