Jeshi la Mezani: Plastiki au Bati?

Dada yetu mmoja, mzaliwa wa pwani aliyeolewa Homa Bay, ametuandikia kuhusu mwanawe wa miaka 13. Kijana anataka jeshi dogo la Wakushi, wale wapiga mishale wa Nubia walioitawala Misri katika karne ya 8 na ya 7 kabla ya Masihi, acheze vita vya kale mezani na binamu zake wa Migori. Anunuliwe askari wa plastiki au wa bati? Nyumbani mna mtoto wa mwaka mmoja, atiaye kinywani kila akiokotacho.

Hukumu ya vinyago vya watu aulizwe sheikh wenu. Sisi twajibu la nyenzo.

Kalibu ya plastiki huchongwa katika chuma kwa gharama kubwa, hivyo viwanda hupendelea majeshi yauzikayo sana, kama Warumi na Wayunani. Kalibu ya bati ni ya mpira, na gharama yake ni ndogo. Ndiyo maana majeshi yasiyo mashuhuri hupatikana zaidi kwa bati. Askari wa plastiki ni mwepesi, na gundi yake huyeyusha viungo vikashikamana barabara, ila mkuki wake huvunjika. Mkuki wa bati hupinda, ukanyooshwa. Lakini askari huyo ni mzito, na rangi yake hubanduka upesi aangukapo.

Lililo zito ni afya. Askari wengi wa zamani wa bati walichanganywa na risasi, sumu idhuruyo ubongo wa mtoto. Watu wa Migori, waijuao zebaki itumiwayo katika machimbo ya dhahabu, hawahitaji kuhubiriwa kwamba madini yang'aayo yaweza kuwa na madhara. Plastiki nayo si salama kabisa: kipande kidogo chaweza kumkaba mtoto.

Rai yetu, dada: mkipata Wakushi wa bati, wawe wapya, na mtengenezaji awe ametamka kwamba hamna risasi. Msinunue vya zamani visivyojulikana asili yake. Jeshi lifungiwe sandukuni kwa kufuli, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya mchezo. Ikiwa kufuli haliwezekani, kijana asubiri mdogo wake akue. Kwa sasa na achore ramani na kujifunza habari za mfalme Taharka. Mwelezeni sababu, naye atafahamu.