Hakuna Kilichovunda Hapa

Wako wenzangu ambao wakisikia albamu ya Billie Holiday iitwayo Lady in Satin husema, "Ah, huyu mama sauti imemwisha! Zima hiyo kitu." Mimi nasema, ngoja kwanza.

Ukweli usemwe. Mwimbaji huyu wa jazi wa Marekani aliirekodi mjini New York mwezi wa Februari 1958, akiwa na miaka 42. Pombe na dawa za kulevya zilikuwa zimeikwaruza sauti yake. Ukiilinganisha na ile ya miaka ya 1930, utadhani ni watu wawili. Nyuma yake kuna okestra nzima ya Ray Ellis: fidla, kinubi na waitikiaji, laini kama hariri. Basi wanaomkosoa hunikumbusha methali: la kuvunda halina ubani. Ati okestra ndiyo ubani!

Methali ni ya kweli, ila hapa hakuna kilichovunda. Kwanza, ni Billie mwenyewe aliyeusikia muziki wa Ellis akautaka. Pili, sikiliza anavyochelewa kidogo nyuma ya mapigo, kisha akafika palepale panapotakiwa. Hiyo si bahati, ni ufundi wa miaka 25, kwani alianza kurekodi mwaka wa 1933. Pumzi imepungua, lakini uzito wa kila neno anaujua. Hata Ellis alikiri baadaye kwamba mwanzoni hakuridhika, kwa kuwa alisikiliza muziki akasahau hisia. Aliposikia kazi iliyokamilika ndipo akatambua ukuu wake.

Wako pia wanaomsifu kwa kumhurumia tu, kwa sababu alifariki Julai 17, 1959. Hao nao siwaungi mkono. Mateso hayamfundishi mtu kuimba. Kama yangefundisha, kila mwenye shida angekuwa Billie! Dawa za kulevya zilimwibia sauti na miaka, hazikumpa kitu. Tumsifu kwa kile alichokiokoa mikononi mwao.

Wanakwaya wenzangu, tukijiandaa kwa tamasha huwa tunahangaikia noti za juu, na yule mwenye sauti ya kukwaruza tunamwambia akae nyuma, tena afumbe mdomo. Je, tumewahi kumwuliza kama ameuelewa wimbo kutushinda? Sauti nzuri ni zawadi, haina jasho la mtu. Kuuelewa wimbo ndiyo kazi yenyewe. Walimu wetu, nanyi mkitoa alama, msilisahau hilo.