Sombe ya Busia Nayo ni Sombe

"Hii haiko sombe." Maneno hayo nimeyasikia Busia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi namtambua msemaji kabla hajafungua mdomo. Ni mtu wetu. Ametoka kambini kwa shughuli zake, amevaa vizuri, ameketi kwenye benchi, ameonja kijiko kimoja, halafu anaisukuma sahani katikati ya meza kama hakimu. Haiko sombe. Karanga zinatafuta nini humu? Mawese iko wapi? Na mama aliyepika amesimama pale pale, mwiko mkononi, anasikia yote.

Naandika kuwajibu hao. Nikimaliza nao nina neno pia kwa wafanyakazi wa mashirika, maana nao wana mkono katika jambo hili, ingawa wao wanatumia maneno ya adabu zaidi.

Kwa wenzangu wa Nakivale, Kyaka au Kakuma ambao hamjafika huku: Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Wasamia wako Kenya na wako Uganda, Wateso vilevile. Tangu 2018 ukaguzi wa mpaka unafanyika kwa pamoja, unapigiwa mhuri upande unaoingia, na malori yanapita usiku na mchana kutoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, hadi Goma. Unga ule ule wa mahindi ukisongwa unaitwa ugali ng'ambo na posho huku. Samaki wale wadogo wa ziwa ni omena kwa Mkenya, mukene kwa Mganda, na sisi tukiwaona tunasema ndagala. Mahali pa kula panaitwa hoteli hata kama ni mabati manne na pazia. Mimi nafanya kazi na vijana upande wa Uganda, huu ni mwaka wa nne, na watatu kati ya vijana wangu wameosha vyombo na kusonga bugali kwenye hoteli za namna hiyo. Kwa hiyo ninaposema habari za jikoni sisemi za kusikia.

Nyumbani sombe tunaijua: majani machanga ya muhogo, kinu, mchi, halafu moto wa muda mrefu mpaka ile sumu ya muhogo itoke, ndipo vitunguu, pilipili hoho, biringanya, samaki, na mawese mekundu mwishoni. Busia mambo ni mengine. Majani unayanunua kwa wakulima wa Kiteso ambao kwanza wanacheka, wanakuuliza una mbuzi wangapi. Kinu hakuna, na hata kingekuwepo, nani atatwanga majani ya sahani arobaini kabla ya saa sita? Yanapelekwa kwenye mashine, yanarudi laini kupita tulivyozoea. Mawese inakuja kwa basi kutoka magharibi, ndani ya jerikeni, kwa bei inayopanda kila unapoiuliza. Basi mama anatia mawese kidogo ili rangi na harufu viwepo, anaongeza mafuta ya kawaida, na uzito anautafuta kwenye karanga zilizosagwa, kwa sababu mteja wa huku mchuzi wa karanga anaujua tangu utotoni. Anaipakua na bugali, au kalo ya wimbi na muhogo, au chapati mbili kwa dereva mwenye haraka. Mtu wa boda aliyekuja kwa kejeli, "nipe hayo majani ya mbuzi nionje," leo anakuja kila Jumatano na mwenzake.

Hiyo ndiyo mnaiita uongo. Sasa tuongee juu ya hiyo asili yenu.

Muhogo haukuota kwetu. Wareno waliuleta pwani ya Kongo kutoka Brazili katika karne ya 16. Mahindi nayo yalitoka Amerika. Nyanya, pilipili, hata karanga zinazowakera, zote zilivuka bahari hiyo hiyo. Ukitaka sombe safi kabisa isiyoguswa na Amerika, toa majani kwenye sufuria ubaki na mawese na samaki, halafu uniambie unakula nini. Huko Brazili kwenyewe, jimbo la Pará, majani ya muhogo wanayachemsha siku nyingi na kuyapika na nyama ya nguruwe, wanaita maniçoba, na hakuna aliyewapelekea barua kutoka Uvira.

Turudi karibu. Kinshasa wanasema pondu. Rwanda ni isombe. Tanzania ni kisamvu, na wengi wanakitia nazi. Nani kati yao amekosea? Hata ndani ya nyumba moja hatukubaliani. Mama yangu anatia biringanya, mama yangu mkubwa akiiona biringanya kwenye sombe anauliza kama kuna mgonjwa. Wamebishana hivyo tangu Fizi, wamebishana kwenye turubai, na wote wawili ni Wakongo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni unafiki. Ndugu zetu waliopelekwa Marekani wanatutumia video. Sombe imetoka kwenye friji ya duka la Waafrika, imeganda ndani ya mfuko wa plastiki kama jiwe. Ikikosekana wanatia spinachi. Bugali wanasonga kwa unga wa semolina, kwenye jiko la umeme, na yule mtoto aliyezaliwa huko anakula kwa uma. Na sisi kwenye simu tunafanya nini? Tunaweka moyo. Tunaandika "mmelinda utamaduni, Mungu awabariki." Mama wa Busia, mwenye majani yaliyokatwa asubuhi hiyo hiyo, anaambiwa haiko sombe. Nimetafuta tofauti ya sahani hizo mbili nikaipata moja tu: mmoja anatuma pesa mwisho wa mwezi, mwingine anatuomba tulipe.

Sasa mashirika.

Tangu 2020, mgao wa chakula ulipopunguzwa kwa asilimia 30, na 2021 ukapunguzwa tena, wimbo ni mmoja: vijana wajitegemee. Sawa. Nakubali. Shirika moja, jina naliacha, liliwachukua vijana wetu kwa miezi mitatu kwenda kujifunza upishi Tororo. Nilifurahi mpaka nilipoona daftari zao. Baga. Piza. Soseji. Saladi ya mayonezi. Jinsi ya kupanga uma upande wa kushoto. Walirudi na vyeti vyenye picha zao, na hakuna hata hoteli moja kati ya zile ninazozijua hapa Busia yenye oveni. Mmoja aliomba kazi kwa mama mmoja wa Kisamia akaulizwa, "Unajua kukaanga chapati?" Hakujua. Hawakufundishwa, eti chapati ni chakula cha barabarani.

Chakula cha barabarani ndicho kinachoulisha mji huu! Chapati yenyewe ililetwa huku na Wahindi, wengi wao wakiwa wale waliokuja kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Huku Uganda mtu akaikunja na mayai ikawa rolex. Mwingine akaikatakata akaimwagia maharage ikawa kikomando. Sijawahi kumsikia Mganda analia kwamba mayai yameharibu chapati ya Kihindi. Wanauza, wanakula, wanasomesha watoto. Kijana mwenye jiko la mkaa na trei ya mayai anaanza kesho asubuhi. Mwenye cheti cha piza anasubiri oveni.

Na mkitaka kuona mtu anayepika kwa kibali cha mbali anavyoishia, kumbukeni Januari 2022. KFC ya Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilikuwa vimechelewa kwenye meli. Kenya, nchi yenye Nyandarua! Wakenya walichoma mtandao kwa hasira, na walikuwa na haki.

Kisha inakuja tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, na watu wale wale waliofundisha baga wanataka "chakula cha asili." Mama anapigiwa simu. Alete sombe, avae kitenge, na tafadhali alete kinu. Hana kinu. Anaazima kinu cha jirani, anakiweka mbele ya hema, anapigwa picha akitwanga majani ambayo mashine ilishayasaga jana. Mwaka mmoja afisa alimwambia, kwa upole kabisa, asitie karanga kwa sababu yeye aliwahi kufanya kazi Goma na anajua sombe halisi haina karanga. Mama alizitoa. Chakula kililiwa chote, sahani zaidi ya mia, na malipo ilikuwa kuambiwa kwamba hiyo ni nafasi nzuri ya kujitangaza. Kujitangaza kwa nani? Waliokula walirudi Kampala jioni ile ile.

Kwa hiyo anasukumwa huku na huku. Wetu wanamtaka apike kama Fizi ya mwaka walioondoka. Shirika linamtaka awe Mkongo siku moja na mpishi wa baga siku zilizobaki. Unajua alichofanya? Amefuta ubao. Ulikuwa umeandikwa kwa rangi ya bluu: Hoteli ya Kongo, sombe, bugali, samaki. Sasa umeandikwa Chakula cha Kienyeji. Ndani ni sufuria zile zile. Nilipomuuliza alisema, "Mwanangu, nimechoka kuulizwa." Wetu wanamuuliza kama ni sombe, askari wanamuuliza kama ana karatasi, na wengine wanamuuliza kama huko Kongo watu wanakula nyani. Kienyeji haiulizwi kitu.

Hapa ndipo ninapogombana hata na yeye, kwa heshima zote, na yeye anajua. Chumvi abadilishe, mafuta abadilishe, atie karanga, auze na chapati. Hiyo ni mali yake na akili yake. Ila jina la Kongo kwenye ubao asingeliondoa. Dereva anayerudi kutoka Goma, mwenye hamu ya sombe tangu Kasese, anapita mlangoni mwake bila kujua. Wateja wa namna hiyo walikuwa wanajaza benchi moja zima. Tangu ubao ufutwe benchi hilo limepungua, na kijana wangu mmoja aliyekuwa anaosha vyombo pale ameambiwa aje siku tatu kwa wiki badala ya sita.

Nilisoma kwenye simu habari za mpishi wa Kichina, Peng Chang-kuei. Alikuwa akiipikia serikali iliyoshindwa vita, mwaka 1949 akakimbilia Taiwan nayo. Mkimbizi, kwa kifupi. Akiwa huko akabuni kuku akampa jina la jenerali wa mkoa wao wa Hunan, Jenerali Tso. Miaka ya 1970 akafungua mgahawa New York. Wamarekani wanapenda sukari, basi sukari ikaingia, na leo kuku huyo yuko kwenye migahawa ya Kichina kila pembe ya Marekani ingawa Hunan kwenyewe watu hawakuwa wakimjua. Wenye ujuzi wanabishana kama ni wa kweli. Wabishane. Ladha ilihama, lakini jina la jenerali wa kwao lilibaki kwenye menyu, na kila aliyeagiza alilitamka.

Mtu ataniambia: wewe unaongea kirahisi, ubao wenye neno Kongo unaita matatizo. Najua. Upande wa Kenya ni hadithi nyingine, mkimbizi hatembei hivi hivi. Lakini huku Uganda Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kufungua biashara, na Kongo yenyewe imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Wala mji huu si mgeni wa wakimbizi. Mwanzoni mwa 2008, vurugu za uchaguzi zilipowaka Kenya, Wakenya walivuka hapa hapa Busia na pale Malaba wakimbeba kila walichoweza kubeba, wakapokewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya baadhi yao kupelekwa Kiryandongo. Wazee wa huku wanakumbuka. Anayeuliza habari za nyani huwa ni kijana ambaye hakuwepo, na kijana anaweza kujibiwa.

Basi ninyi wa kwetu mnaopita Busia: kaeni, kuleni, lipeni. Mkikosa mawese, leteni lita tano kutoka kambini mmuuzie mama kwa bei ya ndugu, hapo mtakuwa na haki ya kuongea juu ya rangi ya sombe. Na ninyi wa mashirika, kozi ijayo mkiandika bajeti, mumlipe mama huyu afundishe yeye, kwenye jiko lake, jinsi ya kununua majani, kupanga bei na kukaanga chapati ishirini kwa kilo mbili za unga bila hasara. Tarehe 20 Juni mumwagize chakula kama mnavyoagiza kwa hoteli za Kampala, kwa hesabu ya sahani, nusu ya pesa ikitangulia. Karanga muziache humo.

Rangi ya bluu nimeshanunua, kopo dogo. Liko chini ya kaunta yake, na hajalifungua bado.