PESA NA PENZI: Deni nililolilea nikidhani linanijengea jina

Kama mwezi umekubana, pole, hauko peke yako. Siku zote humu natoa ushauri kwa wenzangu. Leo naomba nijianike mwenyewe, maana kuna jambo limenifundisha kufunga mdomo kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

Kama mnavyofahamu, mimi na mume wangu tunaishi Houston, Texas. Mwaka jana tulikubaliana kwamba kodi basi, tutafute nyumba yetu. Tukavaa vizuri, tukaenda kumwona ofisa mikopo. Jamaa mpole, akatukaribisha kahawa, akabonyezabonyeza kompyuta yake, kisha akasoma namba mbili. Mume wangu, 731. Mimi, 658.

Nilidhani kachanganya mafaili! Ukweli ni kwamba nilikwenda pale nikiwa nimeshajiandaa moyoni: kama kuna tatizo, litakuwa la mwenzangu. Yeye ndiye anayetuma pesa Tanga kila mwezi kwa matibabu ya mama yake, na kwa ajili hiyo nilishamnunia mara kibao. Kumbe mtuma pesa yuko safi, mnunaji ndiye mwenye doa.

NAMBA INAYOKUFUATA

Kwa wewe ambaye hujakaa Marekani, nifafanue kidogo. Huku mtu anayekopa anafuatwa na namba, alama za mkopo. Zinazojulikana zaidi ni za FICO, zilizoanza kutumika mwaka 1989, nazo huanzia 300 hadi 850. Zinakokotolewa kutokana na taarifa zinazotunzwa na kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion. Ukitaka mkopo wa nyumba au gari, wanakuchungulia humo. Hata mwenye nyumba ya kupanga anaweza kukuchungulia.

Halafu kuna hili ambalo wanandoa wengi hatulijui: pete haiunganishi alama. Kila mmoja anabaki na zake. Ofisa wetu alichukua alama tatu za kila mmoja, moja kutoka kila kampuni, akashika ile ya katikati. Kwa kuwa tulikuwa tunaomba mkopo pamoja, iliyotumika kutupangia riba ni ya chini kati ya zetu mbili. Yaani yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

USHAURI WA SHOSTI

Sasa nilifikaje huko? Nilipopata kadi yangu ya mkopo, shosti mmoja wa kazini aliniambia, "Usilipe yote mwisho wa mwezi. Bakisha kidogo, benki ione unaitumia, alama zitapanda." Alivyoongea kwa kujiamini, nikameza kama kidonge.

Mwezi wa kwanza nikabakisha dola 100. Uliofuata, 250. Ikaja harusi ya binamu, tiketi, sare, zawadi, si unajua tena mambo yetu. Baada ya miaka miwili, kadi yenye kikomo cha dola 2,000 ilikuwa na deni la dola 1,500. Kila mwezi nalipa kile kiwango cha chini, sichelewi hata siku moja, najiona mjanja wa mjini.

Na ngoja niseme, neno lenyewe linachanganya. Sisi tumezoea salio la simu: likiwepo, ni chako, unapiga simu na kucheka. Kwenye kadi ya mkopo kinachoitwa salio ni deni. Nilikuwa nalea deni kwa malezi ya salio.

KUMBE IKO HIVI

Ofisa akatuchorea kwenye karatasi. Katika alama za FICO, kulipa kwa wakati kunabeba asilimia 35. Kiasi unachodaiwa, asilimia 30. Umri wa historia yako ya mikopo, 15. Mikopo mipya uliyoomba, 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo, 10. Riba unayoilipa benki haimo kabisa! Ukilipa riba nyingi, hakuna anayekuongezea hata alama moja.

Katika ile asilimia 30, kinachotazamwa sana ni deni la kadi ukilinganisha na kikomo chake. Mimi, dola 1,500 kati ya 2,000, ni asilimia 75. Mume wangu kadi yake ina kikomo cha dola 5,000 na ilikuwa inaonyesha dola 400, asilimia 8 tu. Wengi hushauri usivuke asilimia 30, lakini hiyo si mstari wa kichawi. Kadiri unavyokuwa chini, ndivyo bora.

Basi ule uongo wa shosti umetoka wapi? Nadhani umetoka kwenye ukweli nusu. Benki nyingi hupeleka taarifa zako baada ya kufunga stetimenti ya mwezi, na siku ya mwisho ya kulipa huja baadaye, angalau siku 21 mbele kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009. Kwa hiyo hata mtu anayelipa kila kitu kila mwezi, taarifa yake inaweza kuonyesha deni, kwa sababu limepigwa picha kabla hajalipa. Kadi inaonekana inatumika, mwenyewe analipa lote, riba ya manunuzi hagusi. Shosti aliona deni kwenye taarifa ya mtu mwenye alama nzuri, akadhani deni ndilo lililoleta uzuri.

Na gharama yake? Kadi yangu ilikuwa na riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Kwa deni la dola 1,500, hizo ni kama dola 30 kila mwezi zinazoyeyuka.

NDANI YA GARI

Tulivyotoka, kimya. Nikajikaza nikasema, "Mume wangu, naomba unisamehe." Akaendesha kidogo, halafu akajibu taratibu, "Deni tutalilipa, mke wangu. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa unaninunia kwa pesa za dawa za mama, na wewe unaipa benki dola 30 kila mwezi bure."

Msomaji wangu, sikuwa na la kujibu. Ni bora angefoka.

Usiku ule kwa mara ya kwanza tulifungua stetimenti zote mezani, zake na zangu. Miaka minne ya ndoa, nguo tunafua pamoja lakini stetimenti kila mtu anaficha kwenye simu yake! Tukakubaliana kuchota dola 1,200 kwenye akiba yetu na kulipa kabla ya siku ya kufunga stetimenti. Deni likabaki dola 300, asilimia 15. Mwezi uliofuata nikamalizia.

Kwa hasira nilitaka hata kuifunga kadi na kuikata kwa mkasi. Ofisa akanizuia: ukifunga kadi, kikomo chake kinatoka kwenye hesabu, na deni lililoko kwenye kadi nyingine linaonekana limevimba. Basi ipo, nanunulia mafuta ya gari, nalipa yote.

Baada ya miezi miwili alama zangu zilikuwa 712. Matoleo mengi ya FICO yanatazama deni lilivyo sasa, hivyo ukilipunguza unafuu huja mapema. Lakini usibweteke: kuna toleo la FICO 10T, lililotangazwa mwaka 2020, ambalo linatazama mwenendo wako wa miezi 24 na zaidi. Anayelea deni ataonekana.

Nyumba tuliyoipenda ilikuwa imeshachukuliwa. Tukapata nyingine, ndogo kidogo, jiko lake finyu. Kila nikigongana na mume wangu humo jikoni namkumbuka shosti.

YA KUSHIKA

Kwanza, tumia kadi, kisha lipa deni lote la stetimenti kabla ya tarehe ya mwisho. Kama huwezi lote, lipa zaidi ya kiwango cha chini.

Pili, kama karibuni utaomba mkopo mkubwa, punguza deni kabla stetimenti haijafungwa.

Tatu, usichelewe. Malipo yakipitiliza siku 30 yanaweza kuripotiwa, na doa hilo hukaa miaka 7.

Nne, soma taarifa zako. Tangu 2023 zile kampuni tatu zimefanya jambo la kudumu: unaweza kuziona taarifa zako mtandaoni kila wiki bila malipo, na kujiangalia mwenyewe hakushushi alama.

Na wewe uliyeko Dar au Nairobi, usiseme haya hayakuhusu. Kenya, waliochelewesha mikopo ya simu wanaijua CRB vizuri. Tanzania nako kuna kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu. Hesabu zao si hizi za FICO, usizipachike tu, lakini tabia ya kuchelewesha madeni inakufuata kote.

La mwisho ni la nyumbani. Kabla hujamhukumu mwenzako kwa matumizi yake, wekeni stetimenti mezani, na uanze wewe kufungua zako. Mwezi huu, pesa za Tanga nimezituma mimi. Mama mkwe alipiga simu kushukuru, akaniombea dua ndefu, nami nikalia peke yangu kwenye lile jiko finyu.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.