Wingu Linapotoka Magharibi



Katika sura ya 12 ya Injili ya Luka, Bwana anawakumbusha watu jambo walilolijua tangu utotoni: wakiona wingu likizuka upande wa magharibi, husema mara moja kwamba mvua inakuja, na kweli huja. Kwao magharibi kulikuwa bahari. Kwetu Uvira magharibi kuna milima. Lakini swali linalofuata katika Injili latuhusu sisi pia: anayejua kusoma anga, mbona hasomi majira anayoishi?

Mji wetu umekaa kwenye ukanda mwembamba. Mbele liko ziwa, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nyuma milima inapanda kuelekea nyanda za juu za Itombwe, ambako vilele vingine vinapita mita 3,000. Hewa yenye unyevu ikigonga mteremko huo hupanda, hupoa, na kugeuka mawingu ya radi. Mito yetu, Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, ni mifupi na yenye kasi. Maji yaliyonyesha juu hutufikia kwa muda mfupi, yakishuka pamoja na mawe, matope na magogo. Mtu aweza kusimama huku chini pasipo tone la mvua kichwani, kumbe mto tayari unakuja.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Wingu moja huleta mvua ya baraka kwa mihogo yetu. Lingine lenye sura ile ile huleta msiba. Mtabiri wa hali ya hewa aweza kusema kwamba mvua kubwa yaelekea kunyesha, lakini ni vigumu aseme ni bonde lipi litakaloipokea. Wala si kwetu tu. Mwanafunzi wangu wa zamani, anayeishi sasa Marekani, alinisimulia kwamba huko, wakati wa baridi, watu huambiwa dhoruba inakuja bila kuhakikishiwa kama itakuwa theluji au barafu. Tabaka dogo la hewa yenye joto huko juu latosha kuiyeyusha theluji ikawa mvua, na mvua hiyo hugeuka barafu inapogusa ardhi. Watu hununua chakula, huwapigia simu wazee wao, hungoja. Mara nyingine dhoruba hupita kando. Hata hivyo, safari inayofuata hujiandaa tena.

Naomba sasa niungame jambo. Mapema mwezi wa Aprili 2020, niliiendea familia ya mwanafunzi wangu mmoja iliyokaa kandokando ya mto, nikaisihi ije kulala kwetu kwa kuwa wingu lilikuwa zito. Walikuja na mikeka na sufuria zao. Usiku ule haikunyesha. Asubuhi majirani walicheka wakisema, «Mwalimu amekuwa nabii wa uongo.» Jioni ya tarehe 16, Alhamisi ya Oktava ya Pasaka, wingu lilitanda tena. Nililiona. Niliogopa kuchekwa mara ya pili, nikanyamaza.

Mvua zilizonyesha kati ya tarehe 16 na 17 zilifurisha Mulongwe. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yalibomoka au kujaa matope, na mitambo ya maji ya bomba iliharibika katika mji unaokijua vizuri kipindupindu. Familia ile iliokoka kwa kukimbia. Nyumba na vyote vilivyokuwamo vilikwenda na maji. Hawajanilaumu hata siku moja. Mimi ndiye ninayejilaumu. Tena miaka 3 baadaye, Mei 2023, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, vilisombwa, na waliokufa walizidi 400.

Tangu hapo nimeshika msimamo mmoja, nao ndio ninaotaka kuwaachia. Onyo ambalo halikutimia si uongo. Aliyesema «huenda» amesema kweli, hata jua likiwaka kesho yake. Gharama ya kuhama bure ni usingizi wa usiku mmoja na kicheko cha jirani. Gharama ya kukaa bure hailipiki. Tukiwacheka wanaoonya, tunawafundisha kunyamaza, nao watanyamaza siku ile tunapowahitaji.

Najua mtasikia maneno mengine. Wapo watakaosema, «Mungu atatulinda,» kisha wasinyanyue hata mkeka. Lakini busara ni fadhila, na Mungu aliyetupa macho hutulinda pia kwa kuyatumia. Wapo watakaosema kwamba mafuriko ni adhabu kwa wakosefu. Mimi niliwaona waliozikwa: walikuwamo watoto ambao hawakuwa wamejifunza bado kusema uongo. Wapo pia watakaowalaumu waliojenga mtoni. Kweli, bonde la mto si mahali pa kujenga, na mlima uliovuliwa miti hauzuii maji. Lakini ulizeni kwanza nani alikimbia vita akakosa kiwanja kwingine. Maskini halali karibu na mto kwa ukaidi. Analala pale alipopata.

Basi kazi yenu ni ipi? Ninyi wa Kiro, wa Xaveri, skauti na waimbaji, mna miguu yenye nguvu na simu mkononi. Kila shirika liwe na orodha ya wazee, wagonjwa na wajawazito wanaokaa karibu na maji, na jina la kijana atakayemwendea kila mmoja. Fanyeni urafiki na vijana wa mlimani, ili wawapigie simu mto ukichafuka. Kubalianeni na padri paroko juu ya mlio wa kengele usiofanana na ule wa Misa. Familia zenye nyumba ya juu zijulikane mapema, zikubali kupokea wageni. Msimwache mtu avuke mto uliofurika. Tena, mvua isiponyesha, wasindikizeni wageni warudi kwao kwa furaha, bila kuomba radhi.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu ni mvua. Kati ya dalili na jambo lenyewe Mungu ametuachia nafasi ya kupendana. Mimi niliipoteza nafasi hiyo jioni moja. Ninyi msiipoteze.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Ni nani katika shirika letu asiyeweza kukimbia peke yake usiku?
2. Je, tumewahi kumcheka aliyetuonya? Tumwambie nini leo?
3. Wiki hii, kabla ya mvua nyingine, kikundi chetu kitafanya nini?